Picha ya Kutangulia Jeneza

Mama Pudentienne alirudi kutoka maziko ya jirani akiwa amekasirika kuliko waliofiwa. Aliketi kwenye kiti cha mbao barazani, akavua viatu vilivyoibana miguu yake iliyovimba, akamwita mwanawe kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Gaspard! Kuya hapa. Uliona ile foto walitangulisha?"

Gaspard aliiona. Pale mtaani kwao, Mulongwe, mjini Uvira, jeneza la Mkatoliki mwenye watu wake haliondoki nyumbani mpaka vitu viwili vitangulie: msalaba wenye jina, na picha ya marehemu ndani ya fremu, imebebwa na mjukuu. Marehemu wa siku hiyo hakuacha picha. Watoto wake walikwenda na kadi yake ya mpiga kura kwenye duka la fotokopi, wakaikuza mpaka ikajaa fremu. Mama wa watu, aliyekuwa akichekesha soko zima, akapitishwa barabarani na uso wa mtu aliyekamatwa akitoroka, jicho moja dogo, mhuri umempita shavuni.

"Ule hakukuwa yeye," mama alisema. "Ilikuwa mufungwa. Miye, mukinitembeza Uvira yote na ile sura ya karte ya kura, nitaamuka mule mu sanduku niwapige."

"Mama, weye haukufi sasa."

"Sikukuuliza kama nitakufa. Nataka foto muzuri, ningali na macho ya kuiona. Mu hii nyumba muko watu wawili wa foto, na miye niende mbele ya Mungu na karte?"

Hapo kwenye "watu wawili" ndipo Gaspard alipochomwa. Alisema sawa, Jumapili, kisha akaenda kusimama uani peke yake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

*

Mpaka mwaka uliopita nyumba hiyo ilikuwa na mtu mmoja tu wa picha. Gaspard Ndayisenga alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na ukimwondolea watoto sitini na chaki, kilichobaki kilikuwa kamera yake ya filimu. Aliinunua Bujumbura kwa mzee aliyefunga studio, pamoja na mafurushi ya filimu zilizopitwa na tarehe, mashine ya kukuzia picha na masanduku matatu ya karatasi. Hakupiga arusi wala ubatizo. Waliomwomba aliwaambia picha kwake si biashara, ni raha ya nyumbani, na alilisema neno hilo akiinua kidevu.

Depo iliyokuwa ya kuwekea unga na makaa aliigeuza chumba chake cha giza. Mlangoni alitundika blanketi mbili. Dawa ya kutoa picha kwenye filimu aliipika mwenyewe: kahawa ya unga ya milimani iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, magadi, na vidonge vya vitamini C vilivyosagwa. Ilinuka vibaya, na mkewe Blandine alivumilia harufu hiyo miaka tisa. Dawa ya mwisho tu, ile inayozuia picha isiharibike kwa mwanga, ndiyo aliyokwenda kuinunua ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na negativu zaidi ya mia nne: milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, mitumbwi ya Kalundu, mawingu, daraja, mawingu tena. Watu hakuwapenda sana kwenye picha. Watu hutikisika.

Kisha Aimé, kaka yake Blandine, akarudi safari na kamera ndogo ya kidijitali ya mfukoni, akampa dada yake. Gaspard alicheka. "Ile iko kitu ya watoto kucheza," alisema, na kwa ukarimu wa mwenye nacho akamfundisha: mwanga uingie kwa ubavu, usisimame mbali, subiri. Blandine, aliyekuwa akiuza sokoni ndakala, yaani dagaa wakavu, alisubiri. Alipiga mchele ukipepetwa. Alimpiga binti yao Aline akiwa amelala juu ya daftari la hesabu. Alipiga mikono ya mama mkwe siku aliyohamia kwao kutoka Lubarika kwa ajili ya matibabu, na picha hiyo ya mikono akaichapisha, akaitundika sebuleni juu ya mitumbwi ya Gaspard.

Jirani yao Niyongabo, katekista, alipoiona mara ya kwanza alimpiga Gaspard begani. "Papa Aline, hii ya mikono imenishika hapa! Kweli weye uko na jicho."

"Ni mama Aline aliipiga."

"Aa." Katekista akatazama ukutani tena. "Na za kwako ziko wapi?"

Zilikuwa hapo hapo, chini ya mikono.

Wivu una mila zake. Mwanamume anayemwonea mkewe wivu kwa sababu ya mwanamume mwingine ana pa kwenda: kwa wazee, kwa padri, kwa mashemeji. Watakaa, watasikiliza, pombe italetwa. Gaspard alikuwa akimwonea wivu mkewe mwenyewe, kwa jicho lake, na hakuna kikao cha familia kilichowahi kuitishwa kwa kesi ya namna hiyo. Kwa hiyo aliumeza. Kila Blandine aliposifiwa, yeye alitabasamu.

*

Jumapili, baada ya misa ya pili, mama alivaa kitenge cha sherehe, akafunga kilemba, akasema yuko tayari. Gaspard alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, akaweka kiti, akakisogeza mara nne akifuata kivuli. Katika filimu yake zilibaki picha kumi na mbili, na alijiapia kwamba zote kumi na mbili ni za mama. Watu wataona. Hakufikiria maziko hata kidogo. Alifikiria watu wakiiangalia picha na kuuliza nani kaipiga.

"Mama, kidevu juu. Hapana, si vile. Usicheke."

"Juu ya nini nisicheke?"

"Ukicheka utatikisika."

"Basi piga."

"Ngoja kwanza. Wingu."

Wakalingojea wingu. Mama akaanza kutoka jasho chini ya kilemba. Gaspard alipima mwanga, akarudi nyuma, akapima tena, akapiga moja, akamnyoosha mama bega, akapiga ya pili. Ilipofika ya kumi na mbili uso wa mama ulikuwa wa mtu anayehojiwa mpakani, lakini Gaspard hakuuona uso. Aliuona mwanga, na mwanga ulikuwa mzuri.

"Mama, toka ku jua," Blandine aliita kutoka jiko la nje, alikokuwa akichagua maharage. "Kuya unisaidie huku, kuko baridi."

Mama akajikokota mpaka mlangoni pa jiko, akaketi kwenye kigoda, akapokea ungo. Alilegeza kilemba. Mara akaanza kisa cha yeye kumficha mbuzi kitandani kule Lubarika wakati wa vita, mbuzi aliyefunikwa shuka na kuambiwa anyamaze kwa Kirundi, na askari aliyechungulia dirishani akamtakia mgonjwa pole. Alipofika kwenye pole alicheka mpaka ungo ukaruka. Blandine akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua kamera yake pale juu ya ndoo, akabonyeza mara moja.

"Mama, angalia."

Mama aliishika kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaileta karibu.

"Njo miye," alisema, akimaanisha ndiye yeye hasa. "Yoo! Njo miye huyu! Gaspard, kuya uone mama yako!"

Gaspard akaja akaona. Mdomo wazi, pengo la jino la mbele, punje ya haragwe imebanwa kati ya vidole, na mwanga ukiingia kwa ubavu sawasawa kama alivyofundisha yeye. Alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii kama anavyotafuta makosa ya imla.

"Kilemba kimepinda," alisema.

"Kimepinda, ndiyo. Na miye nimepinda. Njo hii ya kutangulia, sitaki ingine."

Niyongabo aliitwa kupitia uani, akaangalia, akavua kofia. Alisema hajawahi kuona picha ya marehemu mzuri namna hiyo, na marehemu mtarajiwa akamshukuru. Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, akamgeukia Gaspard: "Papa Aline, basi weye sasa utapumzika."

"Na zangu?" Gaspard aliuliza. "Haziyasafishwa hata moja, na mumekwisha kuchagua?"

"Za weye tutaziona, mwana wangu," mama alimjibu, kwa sauti ile anayopewa mtoto aliyechora ng'ombe. "Tutaziona zote."

*

Jumatatu mchana Gaspard alirudi kutoka shule, nyumba ikiwa kimya. Blandine alikuwa sokoni, Aline mazoezi ya kwaya, mama amelala. Kamera ndogo ilikuwa juu ya kabati. Jumamosi Blandine angepeleka kadi ya kamera hiyo kwenye duka la fotokopi, picha ikachapishwe na kutiwa fremu. Gaspard alijiambia ataitazama tena tu, kwa utulivu, ili aone inakosea wapi.

Haikukosea. Akarudi nyuma, picha baada ya picha, zaidi ya mia mbili, na kila moja ilimwongezea moto. Mpaka akajikuta yeye mwenyewe. Blandine alikuwa amempiga kwa nyuma, mlangoni pa depo, ameinua filimu iliyolowa kuelekea juani, shingo imenyooka, mdomo wazi kama mtu anayesali. Hakujua kwamba alipigwa. Mtu mwingine angekaa chini hapo, angelia, au angekwenda kumngoja mkewe njiani ambebee beseni. Gaspard aliona jambo moja tu: hata raha yake ya kupiga picha, mkewe aliipiga vizuri kuliko yeye.

Akabonyeza kitufe cha kufuta. Kamera ikamwuliza, kwa Kifaransa chake cha adabu, afute hii moja au zote. Akachagua zote. Ikamwuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Hakika hiyo ilidumu kama chafya. Alibonyeza huku na huku akitafuta namna ya kurudisha, kioo kikawa cheusi na neno moja la kumwambia hakuna kitu. Akairudisha juu ya kabati, akanawa mikono, akakaa kusahihisha daftari bila kuona maandishi.

Saa kumi na moja Blandine alirudi, ameongozana na mwenzake wa sokoni aliyekuja makusudi kuiona picha. Alimkaribisha kiti. Akawasha kamera, akacheka kidogo, akaizima, akaiwasha tena.

"Papa Aline, kuya uone. Inasema hakuna kitu."

Gaspard akaichukua, akaigeuzageuza. "Uligusa wapi?"

"Sikugusa."

"Labda mikono yako ilikuwa na maji ya samaki. Hizi vyombo haziko za kila muntu, mama Aline. Nilikuambia."

Blandine akaitazama mikono yake, ilikuwa kweli na magamba. Mgeni naye akaitazama, kisha akasema amechelewa, ataiona siku nyingine. Kesho yake Blandine alipeleka kadi kwa mwenye duka la fotokopi, akarudi akasema ameambiwa picha haziwezi kurudishwa.

"Si kitu, mukazana wangu," mama alimpoza. Ndivyo alivyomwita mkwewe, kwa neno la kwao. "Tutapiga ingine."

"Hata sasa, mama. Kaa vile vile."

"Juu ya nini kumuhangaisha mama?" Gaspard aliingilia upesi. "Zangu kumi na mbili ziko mu filimu. Kesho nasafisha."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mama wa mwana, na mama wa mwana ana udhaifu wake. "Basi tungoje za Gaspard," alisema.

*

Jumatano mchana Gaspard alijifungia depo. Alichemsha kahawa, akaichuja kwa kitambaa, akatia magadi na vitamini. Safari hii dawa haikunuka sana. Siku ya akili tulivu angeshuku, lakini alikuwa na haraka ya kushinda. Alitikisa kopo la filimu kwa saa ya mkononi, akamwaga, akatia dawa ya mwisho, akasuuza, akafungua.

Filimu ilikuwa nyeupe. Aliitoa nje juani, akaipitisha mbele ya macho kipande kwa kipande. Mwishoni, kwenye zile kumi na mbili, palikuwa na ukungu mwembamba ambao mtu aliyejua angeweza kusema hapa ni kilemba. Uso haukuwepo.

Alirudi ndani akafungua kopo la kahawa, akachovya kidole, akalamba. Ilikuwa na ladha ya mtama uliokaangwa, ya unga, ya kitu chochote isipokuwa kahawa.

"Mama. Nani anagusaka hili kopo?"

Mama alikuwa amekaa barazani na Blandine. "Kopo gani?"

"Mama."

"Kidogo kidogo," mama alisema. "Asubuhi, mukienda kazi. Ule mufirmiye wa ku hospitali alinikataza kahawa, anasema tansio, damu inapanda, sasa miye nitaishi na maji ya moto? Lakini sikuiba, Gaspard. Kila kijiko niliondosha, nilirudisha kijiko ya soya. Dada yako Ninahazwe alinikarangia soya Lubarika, akasaga vizuri. Haukujua hata siku moja."

"Miye sikunywaka ile kahawa, mama. Njo dawa ya foto."

Mama akafunika mdomo. "Soya iliingia mu foto yangu?"

Blandine alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu, na mama akamfuata, mabega yakitikisika, mdomo wazi, pengo nje, machozi yakishuka. Mwanga wa saa tisa ulikuwa ukiingia barazani kwa ubavu. Uso uliofutwa ulikuwa umerudi wenyewe, pale mbele yao, bure.

Blandine aliuona. Aliacha kucheka, akamgeukia mumewe, akasema taratibu, "Papa Aline. Aparei yangu ya foto iko mu kabati. Nilete?"

Gaspard naye aliuona. Angesema ndiyo na hadithi ingeishia hapo. Lakini alifikiria Niyongabo akivua kofia tena, na lile neno la kupumzika.

"Hapana," alisema. "Niko na filimu moja imebaki. Jumapili. Nitanunua kahawa mupya, nitaipiga miye, vizuri."

"Jumapili si mbali," mama alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Ijumaa saa nne asubuhi, akingojea uji upoe, moyo wa mama Pudentienne ulisimama.

*

Ninahazwe, dada mkubwa wa Gaspard, alifika kutoka Lubarika alasiri hiyo na kundi la ndugu. Alilia kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akajifunga kitenge kiunoni akaanza kupanga mambo. Jeneza, padri, mahema, chakula. Akafika kwenye picha.

"Weye muntu wa foto," alimwambia Gaspard mbele ya watu waliojaa sebuleni. "Toa foto ya mama."

Gaspard alikuwa na negativu mia nne na hakuna hata moja ya mama yake. Ukutani palikuwa na mikono tu. Simu ya mmoja wa ndugu ilikuwa na picha ya arusi, mama yumo safu ya nyuma, kichwa chake ni kidogo kuliko haragwe.

"Ilikuwa moja, muzuri sana," Gaspard alisema. "Mu aparei ya Blandine. Ikafutika."

Kila neno lilikuwa la kweli, na aliyasema akitazama sakafu. Ninahazwe akageuza kichwa polepole mpaka kikamfikia Blandine, aliyekuwa amepiga magoti akigawa maji.

"Ikafutika?" alisema. "Mama anakulilia foto, anakuaminia, na weye unamufuta? Mikono ya kuuzisha ndakala inatafuta nini ku vyombo ya mashini?"

Gaspard alingoja mkewe ajitetee. Alijitayarisha hata kwa kelele. Blandine aliinamisha kichwa, akamjazia wifi yake glasi, akaenda kwa mtu wa pili.

Kwa hiyo kadi ya mpiga kura ikatolewa chini ya godoro, ikakuzwa, ikatiwa fremu. Aline aliibeba mbele ya bibi yake, ameigeuza kidogo kuelekea kifuani ili watu wasiione sana, mpaka Ninahazwe alipomfokea aiinue. Njia nzima Gaspard alitembea nyuma ya uso ule. Na makaburini, ndugu mmoja alipomwomba Blandine apige mbili tatu za kumbukumbu, alijibu kwa heshima: "Miye hapana. Mupiga foto iko papa Aline."

Jibu hilo alilirudia kwa kila aliyemwomba baadaye, kwenye ubatizo wa jirani, kwenye sherehe ya kwaya. Kamera aliifunga ndani ya kitenge cha zamani, chini kabisa ya kabati. Gaspard akabaki mtu mmoja wa picha katika nyumba ile, kama zamani, na hakuonja utamu wake hata siku moja. Depo hakuingia. Blandine hakumnunia, alimpikia, alimfulia, alimwuliza habari za shule. Ila alikuwa akimtazama. Mezani, kanisani, akiinua macho ghafla angeyakuta ya mkewe yametua juu yake, yakingoja jambo, na angeomba chumvi.

*

Siku ya arobaini walimaliza msiba. Misa ilisomwa, ng'ombe alichinjwa, ndugu wa Lubarika walikuja tena. Baada ya chakula Ninahazwe alisimama kushukuru. Alimshukuru padri, kwaya, majirani, wapishi.

"Na mukazana wa mama naye, aksanti, alipika," alisema. "Miye wajukuu zangu wakiniuliza nyanya wetu alifanana namna gani, nitawatuma kwa Blandine. Atawaonyesha karte ya kura."

Watu wengine walicheka wakitazama sahani. Blandine alikuwa mlangoni na sufuria ya wali. Hakutikisika. Alimtazama Gaspard, na Gaspard akasimama.

Kwa kuwa alikuwa mwana wa kiume wa pekee wa marehemu, watu wote walinyamaza kumsikiliza. Aliona kofia ya Niyongabo, aliona walimu wenzake, mkurugenzi wake wa shule, mashemeji.

"Nilitaka kusema," alisema, "tumushukuru vilevile papa Niyongabo ku sala zake zote."

Wakapiga makofi. Akaketi.

Kufikia saa kumi wageni walikuwa wameondoka, na Ninahazwe na mizigo yake alikuwa barabarani akingojea gari la Luvungi lijae, ambako angechukua pikipiki mpaka kijijini. Blandine alikuwa uani peke yake, amekaa kwenye kigoda, akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Gaspard alikwenda akasimama mbele yake. Akachuchumaa, akasimama tena.

"Mama Aline. Zile foto, ni miye nilifuta."

Blandine aliendelea kusugua. "Najua."

"Toka lini?"

"Toka siku ile ile. Ulipochukua aparei, ukaniuliza niligusa wapi, haukuiangalia aparei. Uliniangalia miye."

"Na ulinyamaza? Dada amekutukana mbele ya watu—"

"Amenitukana siku makumi ine."

"Ungesema, Blandine. Ungesema tu."

"Ningesema nini? Bwana yangu alinisikilia wivu juu ya foto? Wangecheka, na wakimaliza kucheka wangeniuliza nilikufanya nini." Aliinua sufuria akaisuuza, akaiinamisha maji yatoke. Kisha akamtazama, na mara hii macho yake hayakungoja kitu. "Nilinyamaza juu nilitaka nione utaniacha pale siku ngapi."

Gaspard alikuwa na maneno mengi ya msamaha aliyoyapanga kwa siku nyingi, na yote yalikuwa ya kusemwa uani, watu wawili tu, mlango umefungwa. Aliyaona yalivyo madogo, akaona aibu upya, aibu kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

"Gari ya Luvungi haiyajaa," Blandine alisema, akivuta sufuria ya pili. "Bado nasikia wanaita watu."

Gaspard akatoka na kandambili za nyumbani, akaanza kutembea, halafu akakimbia. Mwalimu mzima, shati la misa, akikimbia barabarani mbele ya wanafunzi wake. Gari lilikuwa limejaa na dereva alikuwa amewasha injini. Ninahazwe alikuwa ameketi dirishani, kikapu cha nyama juu ya magoti, abiria wamembana pande zote.

"Ni nini tena?" alipiga kelele alipomwona. "Nilisahau kitu?"

Gaspard alishika dirisha kwa mikono miwili, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini yote aliyoyafanya siku ile ya Jumatatu. Dereva akakanyaga mafuta.

"Sikusikia!" Ninahazwe alisema, amejisogeza na mkono sikioni. "Sema tena!"

Ikambidi aseme tena, kwa sauti kubwa, na gari zima likasikia.